Nta ya Tabora: kuisafisha nyumbani na kutengeneza mafuta ya kulainishia viatu vya ngozi, misumeno na majembe

Wakati wa kurina asali, nyuma ya nyumba nyingi za Sikonge, Uyui, Kaliua na Urambo utakuta lundo la masega yaliyokwisha kukamuliwa. Asali imeshaingia kwenye ndoo, watoto wamekwisha kutafuna walichotafuna, na kilichobaki kinamwagwa kichakani au kinaachwa juani mpaka nondo na sisimizi wakimalize. Hiyo ni mali inayotupwa. Makadirio ya kawaida ni kwamba nyuki hula kilo sita hadi nane za asali ndipo watoe kilo moja ya nta. Aliyetupa machicha ametupa kazi ngumu kuliko yote iliyofanyika ndani ya mzinga.

Wazee wa Unyamwezi walilijua hili. Nta ya bara ilikuwa bidhaa ya kupelekwa pwani na ng'ambo tangu enzi za Wajerumani, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912 kazi ya kuisafirisha ikawa nyepesi zaidi. Leo wanunuzi wapo, lakini hata usipouza gramu moja, nta safi ina kazi nyingi hapo hapo nyumbani: kiatu cha ngozi kisipasuke, msumeno usikwame kwenye mninga, jembe lisile kutu masika yote, uzi wa fundi viatu usikatike. Mwongozo huu unaanza kwenye sega chafu na kuishia kwenye kopo la mafuta mazito yaliyo tayari kupakwa. Vifaa vyote ni vya kubuni: sufuria, kopo la maziwa, kitambaa, mawe na pumba za mpunga.

Jambo moja ulishike kabla hujawasha jiko, maana mengine yote yanaufuata ukweli huu: nta chafu inasafishika, nta iliyoungua haisafishiki. Mchanga, miguu ya nyuki, chavua, hata majivu, vyote hutoka. Lakini ukiizidishia moto ikawa nyeusi na kunuka moshi, hakuna kitambaa wala limao litakalorudisha rangi na harufu yake.

Vifaa, na vile vya kukaa navyo mbali

Utahitaji sufuria mbili, moja iingie ndani ya nyingine bila kugusa chini. Ziwe za alumini, za chuma kisichoshika kutu, au za enameli isiyobanduka. Chuma cha kawaida, shaba na mabati hubadilisha rangi ya nta. Sufuria iliyoanza kutu ndani itakupa nta ya kahawia hata kama sega lilikuwa jeupe. Kata vijiti vitatu vya kulaza chini ya sufuria kubwa ili ile ndogo ikae juu yake na maji yapite pande zote.

Tafuta kitambaa cha pamba, marekani kikuukuu au kipande cha shuka kilichofuliwa mara nyingi, ukishone kiwe mfuko wa ukubwa wa mto mdogo. Gunia la sandarusi la unga linaweza kukusaidia kwenye mchujo wa kwanza ikiwa halina maandishi ya wino, lakini mchujo wa mwisho unataka pamba. Ongeza mwiko wa mti, kisu kisicho kikali sana, mawe mawili mazito yaliyooshwa, na debe au boksi la pumba za mpunga. Pumba zina kazi kubwa baadaye, usizione ni kitu kidogo.

Hapa kwetu panalimwa tumbaku, kwa hiyo neno hili nalisema kwa msisitizo. Usitumie kopo, ndoo wala gunia lililowahi kushika viuatilifu au kukaa na tumbaku, hata kama limeoshwa kwa sabuni na kuanikwa wiki nzima. Nta ina asili ya mafuta, na dawa nyingi za shambani hupenda kujificha kwenye mafuta. Zikishaingia hazitoki. Ukiipaka nta hiyo kwenye mzinga mpya utakuwa umewawekea nyuki sumu mlangoni, na ukiipaka kwenye mpini utakuwa unaishika kila siku kwa mkono wako. Ndoo ya mafuta ya kula au ya asali inatosha kabisa.

Maji ya mvua ndiyo bora. Kama huna, jaribu ya kisimani kwa sabuni: yakikataa kutoa povu ni maji magumu, yana chokaa, na chokaa hiyo huungana na nta kufanya utelezi wa kijivu ambao hautenganishiki vizuri. Maji ya namna hiyo yapoze makali kwa maji ya limao au siki, kijiko kimoja kikubwa kwa ndoo ndogo.

Kuchambua na kuloweka masega

Usiyaweke masega kwenye kiroba ukasema utayashughulikia mwezi ujao. Nondo wa nta hutaga humo, funza wao hutoboa njia na kufuma utando, na ndani ya wiki chache unabaki na vumbi na kinyesi chao. Fanya kazi ndani ya siku chache baada ya kurina. Ikibidi kusubiri, yeyusha haraka bila kuchuja sana, acha yagande kuwa bonge, usafishe baadaye. Nondo hana nguvu mbele ya bonge lililoyeyushwa kama alivyo na nguvu kwenye sega.

Chambua mafungu mawili. La kwanza ni masega mapya, meupe au ya njano, pamoja na vifuniko vilivyokatwa juu ya asali. Hapo ndipo inapotoka nta nzuri kuliko yote. La pili ni masega ya zamani, ya kahawia hadi meusi, yaliyokuzia majana, yaani watoto wa nyuki, kizazi baada ya kizazi. Usichanganye, kwa sababu kipande kimoja cheusi hupaka rangi sufuria nzima. Majana yaliyomo yatoe kadiri unavyoweza, kuku watafurahi, na vipande vikubwa vya gundi ya nyuki viweke pembeni.

Sega la zamani lina siri inayowafanya wengi waseme halina nta. Kila jana anayekua ndani ya kijumba huacha ganda jembamba la hariri, na maganda hayo hujipanga tabaka juu ya tabaka. Ukiyatia kwenye moto yakiwa makavu, hunywa nta iliyoyeyuka kama sponji inywavyo maji, na nta hiyo huipati tena. Dawa yake ni kuyavunjavunja na kuyaloweka kwenye maji baridi usiku kucha, au mchana na usiku, ili maganda yashibe maji kwanza. Yakishashiba maji hayana nafasi ya kunywa nta. Hatua hii haina gharama yoyote, na kwenye masega meusi ndiyo inayoleta tofauti kubwa kuliko zote.

Masega mapya yenye asali yaoshe kwa maji ya vuguvugu tu. Maji hayo matamu usiyamwage, wanaopika wanzuki, pombe ya asali, wanajua cha kuyafanyia.

Kazi hii yote ifanyie ndani au usiku. Harufu ya nta ya moto na asali huita nyuki wa mtaa mzima, na nyuki waliokuja kupora hawana adabu. Ukifanya mchana kweupe uani, watazama kwenye sufuria na kumuuma jirani asiyehusika.

Kuyeyusha: mfuko chini ya maji

Njia ninayoiamini kwa mtu wa nyumbani ni hii ya mfuko. Jaza masega yaliyolowekwa kwenye mfuko wa pamba hadi nusu, ufunge mdomo kwa kamba ya katani. Laza vijiti chini ya sufuria kubwa, weka mfuko juu ya vijiti, uukandamize kwa jiwe zito, kisha mimina maji ya mvua mpaka yaufunike mfuko kwa kina cha kiganja. Bila vijiti, kitambaa kitagusa sakafu ya sufuria na kuungua.

Washa moto wa mkaa, wa kadiri. Nta huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 65 za Selsiasi, chini sana ya kiwango cha maji kuchemka. Tabora iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka karibu nyuzi 96, na hata hizo ni nyingi mno kwa nta. Ukivuka nyuzi 85 rangi inaanza kuharibika, na maji yanayotokota kwa fujo huipiga nta ikachanganyika nayo ikawa povu zito. Huna kipimajoto? Angalia maji. Yanapotoa mvuke na viputo vidogo vinashika kuta za sufuria bila kupanda juu kwa kishindo, uko mahali pake. Viputo vikubwa vikianza kupasuka katikati, toa makaa mawili matatu.

Baada ya muda utaona matone ya dhahabu yakipanda kutoka kwenye mfuko, yakielea, yakikutana na kuwa vidimbwi. Nta ni nyepesi kidogo kuliko maji, ndiyo maana inapanda yenyewe huku uchafu mwingi ukibaki umefungwa chini. Kila baada ya dakika chache ukandamize mfuko kwa mwiko, uugeuze, ukandamize tena. Usiharakishe. Masega meusi yanahitaji muda mrefu kuliko mapya, na kandamizo la mwisho hutoa nta ambayo hukutarajia.

Kama una masega mengi na unataka kukamua zaidi, tafuta mbao mbili ngumu za urefu wa mkono, uziunganishe upande mmoja kwa ukanda wa tairi. Mfuko ukitoka motoni, mwenzako aushike kwa koleo, uubane kati ya mbao juu ya beseni, ukandamize kwa uzito wa mwili. Vaeni viatu na mikono mirefu, maana maji yanayoruka hapo ni ya moto na yamebeba nta inayogandia ngozini. Watoto wawe mbali kabisa.

Wakati wa kiangazi kuna njia nyingine isiyohitaji mkaa: boksi la mbao lililopakwa rangi nyeusi ndani, kioo cha dirisha juu, bati safi la alumini limeinamishwa ndani, na kopo lenye maji kidogo mwisho wa mteremko. Masega yakiwekwa juu ya bati, jua la Agosti au Septemba linayeyusha nta, inatiririka hadi kwenye kopo, na rangi yake inapauka vizuri. Inafaa sana kwa masega mapya. Kwa meusi haifai, maganda hubakiza nta nyingi mno.

Kuipoza polepole

Nta ikishapanda yote, ondoa sufuria jikoni, toa jiwe na mfuko, halafu mimina maji pamoja na nta kupitia kitambaa safi kwenda kwenye chombo chenye mdomo mpana kuliko kitako. Umbo hilo litakuwezesha kulitoa bonge bila kupiga wala kukata.

Sasa zile pumba. Chimbia chombo ndani ya pumba za mpunga mpaka shingoni, funika juu kwa kifuniko, kisha kwa blanketi kuukuu. Lengo ni nta ikae katika hali ya maji kwa saa nyingi kadiri inavyowezekana. Ikiwa bado maji, chembe nzito za uchafu hupata muda wa kushuka hadi mpaka wa nta na maji. Ikiganda haraka, chembe hizo hunaswa katikati ya bonge, na juu yake bonge linapasuka nyufa. Usifungue kuchungulia, na usitikise. Asubuhi litakuwa limejitenga na kuta lenyewe.

Geuza bonge chini juu. Utaona tabaka la kijivu au kahawia, laini, lenye chengachenga. Likwangue kwa kisu lingali na uvuguvugu wa mbali, wakati huo hutoka kwa urahisi. Makwanguo hayo yana nta ndani yake, yaweke kwenye kopo uyarudishe kwenye mpigo unaofuata.

Mara nyingi bonge la kwanza halitoshi. Liyeyushe mara ya pili kwa sufuria ndani ya sufuria, safari hii na maji safi kiasi cha theluthi moja ya nta na kijiko cha maji ya limao, chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili, poza tena ndani ya pumba. Baada ya hapo, bonge la masega mapya litakuwa la njano ya kung'aa na kunukia asali. La masega ya zamani litakuwa la kahawia iliyokolea, na hilo si kosa, ni rangi yake. Kwa ngozi na majembe linafanya kazi ileile.

Ukikuta nta imekuwa uji wa kijivu usiojitenga na maji, hapo maji yalikuwa magumu au yalitokota sana. Iyeyushe upya na maji ya mvua na limao zaidi, moto mdogo, upoze kwa muda mrefu maradufu.

Kuijua nta safi

Kama unanunua badala ya kusafisha mwenyewe, vunja kipande. Nta halisi ikiwa baridi huvunjika na kuonyesha uso wa chengachenga, sio laini unaoteleza. Itafune kidogo: haigandi kwenye meno, inavunjika kisha inakuwa donge. Iliyochanganywa na shahamu hunata na kuacha ladha ya mafuta, na iliyochanganywa na mshumaa wa dukani huteleza kwenye vidole. Utando mweupe kama ukungu mwembamba juu ya bonge lililokaa miezi usiutilie shaka. Pitisha karibu na joto la jiko, unatoweka. Huo huonekana kwenye nta halisi, na mnunuzi anayejua kazi hufurahi kuuona.

Kuchagua mafuta ya kuchanganyia

Nta peke yake ni ngumu, haiingii ndani ya ngozi wala haipakiki kwenye chuma baridi. Inahitaji mafuta ya kuilainisha, na uchaguzi wa mafuta ndio unaoamua kama utakuwa na kilainishi au gundi. Mafuta ya alizeti, ambayo kila duka linayo, nayakataa. Yakikaa hewani katika utando mwembamba hukauka polepole na kuwa ulimbo unaonata. Bawaba iliyopakwa alizeti leo itagoma baada ya miezi kadhaa.

Mafuta ya nyonyo ni mazito, hushika chuma, hayakauki, na mti wenyewe unaota kila pembe ya kijiji. Hayachanganyiki na nta yakiwa baridi, lakini yakipashwa pamoja hukubaliana vizuri. Chaguo la pili ni shahamu ya ng'ombe, inayopatikana kwa urahisi buchani. Kwa ngozi naipendelea shahamu, kwa sababu ngozi ilitoka kwa ng'ombe na mafuta hayo huingia ndani bila kulazimishwa. Kwa chuma napendelea nyonyo.

Shahamu isafishwe kwanza. Ikate vipande vidogo, iyeyushe na maji moto mdogo, chuja nyama na ngozi nyembamba, acha igande, toa tabaka safi la juu. Kisha irudishe jikoni peke yake bila maji mpaka viputo vidogo viishe na ule mchemko wa kutatarika unyamaze. Mtatariko huo ni maji yanayotoka. Shahamu yenye maji huoza na kunuka, na shahamu iliyotiwa chumvi huita kutu badala ya kuifukuza, kwa hiyo usichukue mafuta ya nyama iliyokwisha kukolezwa.

Vipimo

Pima kwa uzito ukiwa na mizani. Ukikosa, tumia kopo moja lilelile kwa vyote vikiwa vimeyeyuka, tofauti itakuwa ndogo.

Kwa viatu, mikanda, na ngozi ya tandiko la baiskeli: nta sehemu 1, shahamu au nyonyo sehemu 3.

Kwa majembe, mapanga, shoka na misumeno ya kuhifadhi: nta sehemu 1, nyonyo sehemu 2.

Kwa kipande kigumu cha kusugulia msumeno unaotumika, skrubu, uso wa randa na droo za mbao: nta sehemu 4, shahamu sehemu 1.

Kwa uzi wa fundi viatu: nta tupu, na ukitaka ushike zaidi, donge dogo la gundi ya nyuki iliyoyeyushwa na kuchujwa pamoja nayo.

Hivi ni vipimo vya kuanzia tu. Joto la Tabora mwezi wa Oktoba silo la Juni, na kilicho kigumu asubuhi ya kipupwe kinaweza kuwa maji ndani ya duka la bati mchana wa kiangazi. Ndiyo maana jaribio lifuatalo lina thamani kuliko namba.

Kuchanganya

Jaza maji nusu ya sufuria kubwa, laza vijiti, weka kopo safi la maziwa ya unga lenye nta iliyokatwa vipande. Lisijae zaidi ya theluthi mbili. Nta ikishayeyuka yote, mimina mafuta taratibu huku ukikoroga kwa kijiti kikavu. Ukimimina mafuta baridi kwa mara moja utaona nta ikiganda vipandevipande. Usiogope, acha moto ufanye kazi, vitayeyuka tena.

Hapo chukua kijiko cha chuma kilichokuwa kwenye maji baridi, kifute kiwe kikavu kabisa, dondoshea tone moja la mchanganyiko mgongoni mwake. Subiri lififie kutoka kwenye mng'ao hadi utusitusi. Ligandamize kwa ukucha. Mafuta ya kiatu yanatakiwa yazame kidole kikipita bila nguvu na kuyeyuka kidogo kwa joto la ngozi. Ya jembe yaache alama ya ukucha lakini yasitiririke. Kipande cha msumeno kiache unga mwembamba tu. Pagumu mno, ongeza kijiko cha mafuta. Palaini mno, ongeza kipande cha nta. Rudia tone mpaka ukucha wako uridhike. Dakika tano za jaribio hili zinakuokoa kuyeyusha kopo zima upya.

Kwa moto, sheria ni hizi na hazina mjadala. Usiweke kopo la nta moja kwa moja juu ya makaa. Nta ikipita nyuzi 200 mvuke wake unaweza kushika moto, na moto wa mafuta ukimwagiwa maji hulipuka na kurusha miali hadi dari. Kaa na kifuniko cha sufuria au tambara zito lililoloweshwa na kukamuliwa mkononi: moto ukishika, funika, ondoa jiko, usilifunue kopo mpaka lipoe. Usiongeze mafuta ya taa wala petroli kwa kisingizio cha kulainisha. Ukimwagikiwa ngozini, tia sehemu hiyo kwenye maji baridi kwa dakika 20 na usibandue nta kwa nguvu. Palipotoka malengelenge makubwa, nenda zahanati.

Kumimina na kugandisha

Mafuta laini yamimine kwenye vikopo vya losheni vilivyooshwa vikakauka. Tone moja la maji ndani ya kikopo litaleta ukungu au kutu baadaye. Kipande kigumu kinahitaji kalibu, na bora nililoliona ni kipande cha bomba la plastiki la maji, urefu wa kiganja. Lipake ndani maji ya sabuni kidogo sana, lisimamishe kwenye beseni lenye mchanga uliopigwa maji ukasawazishwa, mimina ikiwa ya moto lakini imeanza kupoteza ukali. Ikiganda itasinyaa kidogo na kuachia kuta. Isukume kwa kijiti chenye mdomo bapa. Ikigoma, liweke bomba kwenye maji baridi kwa dakika chache ujaribu tena.

Wafugaji nyuki wenzangu, kabla hamjamaliza nta yote kwa mambo ya viatu, tengeni bonge moja dogo safi kabisa, bila mafuta. Mkitundika mizinga mipya kwenye miti kama mtundu au muba, sugueni ndani karibu na tundu na mpakeni mstari chini ya vibao vya juu. Harufu ile huwaambia nyuki wanaotafuta makao kwamba hapo pamewahi kukaliwa na nyuki, na mstari huwaonyesha pa kuanzia sega.

Kupaka

Kiatu kikung'utwe vumbi, kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, kikauke kivulini. Kiweke juani robo saa ngozi ipate uvuguvugu, usikaribishe moto. Chukua mafuta kidogo kwa kitambaa, sugua kwa mzunguko, sisitiza kwenye mishono na pale ngozi inapokunjika. Acha usiku kucha. Asubuhi futa yaliyobaki juu, halafu piga brashi. Ngozi za manyoya laini usizipake, zitatiwa doa.

Jembe lisuguliwe kwa mchanga mkavu mpaka chuma kionekane, lianikwe juani mpaka liwe na joto la kushikika, kisha lipakwe utando mwembamba. Utando mnene haulindi zaidi, unakusanya vumbi tu. Mpini sugua kwa kipande kigumu, futa kwa kitambaa kikavu kwa nguvu hadi mkono usinate.

Seremala anayepasua mkurungu au mninga ataiona tofauti mara moja. Asugue kipande kwenye pande zote mbili za msumeno, mistari miwili mitatu, aendelee kukata. Skrubu izungushwe juu ya kipande mpaka meno yake yajae, baada ya tundu kutobolewa kwanza. Kwenye mbao ngumu namna hiyo skrubu kavu hukatika kichwa ikiwa haijafika nusu. Fundi viatu apitishe uzi juu ya nta tupu mara kadhaa huku akiubana kwa kidole gumba mpaka usikie unakuwa mgumu na kulia kidogo. Mwiko na ubao wa kukatia mboga vipakwe nta tupu iliyoyeyushwa, bila nyonyo.

Mahali pa kuacha ni mnyororo wa baiskeli, kwa sababu mchanganyiko huu hunata na vumbi la barabara zetu hugeuka kuwa msasa. Ndani ya kufuli, ambako hugandia pini. Kwenye cherehani na kwenye beringi za magurudumu, ambazo zina mafuta yake.

Kopo likifungwa vizuri na kuwekwa kivulini, lililotengenezwa kwa nyonyo hukaa muda mrefu kuliko la shahamu. Linusie la shahamu kila mara kabla ya kulitumia, na likianza kunuka ukali, litoe kwenye ngozi na ulipeleke kwenye mipini na mabati. Sufuria na mwiko vifute kwa karatasi vikiwa bado vya moto, karatasi hizo ni za kuwashia jiko la mpigo ujao. Na maji ya kuoshea usiyamwage kwenye bomba la kuogea, maana nta huganda humo na kuliziba.